Mama anakuja Mérida: mji gani wa kale nimpeleke kwa siku moja?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nimehamia Mérida, Yucatán, miezi mitano iliyopita kumfuata mume wangu aliyepata kazi ya uhandisi hapa Meksiko. Mwezi wa kwanza mama yangu atakuja kututembelea akitokea Ujerumani, alikokwenda kwa kaka yangu. Ana miaka 70, magoti yanamsumbua, na hali chochote chenye nguruwe. Majirani zangu, wengi Wamarekani na Wakanada, wananiambia nimpeleke Chichén Itzá, wengine wanasema Valladolid. Mimi nataka mji mmoja wa kale, tutoke asubuhi turudi jioni. Ni upi, na twende vipi? Na kama hutachoka nami: bili ya umeme imetushinda, na nimechoka kukodolewa macho barabarani. Wenzetu mnaishije huku?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada. Mpeleke Izamal. Chichén Itzá iache, na Valladolid iwekee safari ya kulala.

Uzuri wa Chichén Itzá sibishani nao. Lakini iko kama kilomita 120 kutoka kwako, na ukifika saa nne asubuhi unakuta mabasi ya watalii kutoka Cancún yameshamwaga watu. Uwanja ni mpana, kivuli cha kubahatisha, mwendo wa kutoka jengo moja hadi jingine ni wa kuchosha, na ile piramidi maarufu hairuhusiwi kupandwa, ni ya kutazama kwa mbali. Mtu wa magoti atazunguka saa mbili akitafuta pa kukaa. Valladolid ni mji wa kupendeza kweli, ila ni kilomita 160 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Nusu ya siku itaishia garini.

Izamal iko kilomita 70 hivi mashariki mwa Mérida. Ni mji mdogo, kila cha kuonwa kiko karibu na uwanja wa kati, na karibu nyumba zote za katikati zimepakwa rangi moja: njano iliyokolea, na kingo nyeupe. Wenyeji wengi watakwambia rangi ile ilipakwa kumpokea Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Agosti 1993. Wengine watakuapia kwamba ni rangi ya jua na ya mahindi tangu enzi za Wamaya. Usiingilie ugomvi huo.

Sababu iliyonifanya nijibu haraka kiasi hiki, lakini, ni kwamba wewe na mama yako ni watu wa Tanga. Njia ya kwenda Izamal inapita katika nchi ya mkonge.

Njia ziko mbili. Barabara kuu ya 180, ile ya kwenda Cancún, ni pana na ya haraka. Mnaiacha pale Hoctún na kuelekea kaskazini, mnaingia Izamal. Hiyo irudieni jioni mkiwa mmechoka. Asubuhi fuateni njia ya zamani inayopita Tixkokob. Itawachelewesha kidogo kwa sababu ya matuta. Kila kijiji kina yake, mengine hayana alama wala rangi, na dereva mgeni huyajua pale kichwa kinapogonga paa. Tixkokob ni mji wa wafumaji wa bembea za kulalia. Umeshaziona zile ndoana za chuma zilizochomekwa kwenye kuta za chumba chako cha kulala, mbilimbili zikitazamana? Si za kutundikia nguo. Simameni, mnunue bembea moja kubwa ya pamba, ile wanayoiita ya watu wawili hata kama atalala mmoja. Nitakueleza kazi yake tukifika kwenye bili.

Kutoka Tixkokob ulizeni njia ya Aké. Ni kijiji tu, na wageni wengi hawakijui. Pana vitu viwili vimekaa ubavu kwa ubavu. Kimoja ni magofu ya Wamaya: jukwaa refu lenye ngazi za mawe makubwa mno, na juu yake safu za nguzo nene zimesimama bila paa. Kingine ni kiwanda cha mkonge cha shamba la San Lorenzo Aké, pamoja na mitambo yake ya kuchuna singa, yaani nyuzi za mkonge, na vipande vya reli nyembamba zilizopitisha matoroli ya majani. Kiwanda kimechakaa sana, kwa hiyo msitegemee kukuta mashine zinanguruma. Hata hivyo, mtu aliyekulia Tanga hahitaji kuelezwa. Mama atakuonyesha mwenyewe: majani yaliingilia hapa, korona, ile mashine ya kuchuna, ilikaa pale, singa zilianikwa kule nje. Mwachie yeye awe mwongozaji kwa nusu saa. Kwa mzazi aliyeletwa nchi ya mbali asiyoijua lugha yake, jambo hilo si dogo.

Mmea wa hapa unaitwa henequen. Si ule ule wa kwetu, ila ni ukoo mmoja, na mkonge wetu pia asili yake ni kusini mwa Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ambako ilikuwa imepelekwa kutoka Meksiko miongo kadhaa kabla. Ilipofika pwani yetu, iliyokuwa hai ni 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote yale unayoyajua, kuanzia Pangani na Korogwe hadi Morogoro, na kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Miongoni mwa walioipokonya Yucatán soko la kamba, basi, Tanga imo. Mzee mmoja wa hapa niliyemsimulia hayo alicheka, akasema kumbe mimi ni mdeni wake.

Lakini usimsimulie mama upande wa mimea tu. Majumba makubwa unayoyaona kwenye barabara ya Paseo de Montejo pale Mérida, yale yenye nguzo na ngazi za marumaru, yalijengwa kwa fedha ya henequen, kati ya miaka ya 1880 na mapinduzi ya Meksiko. Wakulima wa ngano wa Marekani walikuwa wamepata mashine za kuvuna na kufunga mafungu, na mashine zile zilikula kamba kama moto. Waliokata majani walikuwa Wamaya waliofungwa na deni la duka la shamba: unakopa mahindi na kitambaa, hulipi likaisha, na ukifa mtoto wako analirithi. Serikali ya Rais Porfirio Díaz iliwaongezea Wayaqui, wenyeji asilia waliosombwa kwa nguvu kutoka Sonora, kaskazini kabisa mwa nchi. Mwaka 1905 wakaletwa hata Wakorea zaidi ya 1,000. Haya yalikoma pale mapinduzi yalipoingia Yucatán mwaka 1915 na Jenerali Salvador Alvarado. Kwetu manamba hawakurithishana deni, hilo ni kweli. Lakini yule Mrundi, Mha au Mmakonde aliyesafirishwa kwa mkataba na kuishi kambini kwa namba, akikatwa kadi yake asipotimiza kazi, angeelewa shamba la Aké bila mkalimani. Kama kuna mtu katika ukoo wenu aliyefanya kazi mkongeni, hapo ndipo pa kumuuliza mama. Wazee wetu wengi hawayasemi haya wakiwa sebuleni.

Kutoka Aké hadi Izamal Wamaya walijenga barabara ya mawe meupe iliyonyooka, karibu kilomita 30, kabla ya farasi na gurudumu kufika bara hili. Mabaki yake yamo vichakani, nanyi mtapita ya lami.

Mkiingia Izamal, mtakachokiona kwanza ni monasteri ya Mtakatifu Antonio wa Padua. Imejaa katikati ya mji, ya njano kama wenzake, juu ya kilima ambacho si kilima. Pale palikuwa na piramidi. Watawa Wafransisko walianza kujenga mwaka 1549, wakaibomoa sehemu ya juu, wakatumia mawe yale yale, na kufikia 1561 kanisa lilikuwa limesimama juu ya jukwaa la miungu iliyofukuzwa. Ua wake umezungukwa na matao 75. Huko ndani mna nyasi, upepo, na ukimya wa kutosha. Wenyeji hujisifu kwamba ni ua wa pili kwa ukubwa baada ya ule wa Mtakatifu Petro kule Vatikani. Kupanda kutoka uwanjani kuna mteremko wa mawe. Mama aupande polepole, mkono wako mmoja, ukuta mkono wa pili. Akishafika juu, anaweza kukaa kwenye kivuli cha matao hata saa nzima, na hatakuwa amepoteza kitu.

Mkiwa pale, msimulie habari za Diego de Landa, kwa sababu sanamu yake mtaiona mjini. Ndiye aliyesimamia watawa wa Izamal. Tarehe 12 Julai 1562, katika mji wa Maní, kusini ya hapa, alichoma vitabu vya Wamaya na sanamu zao kwa maelfu, baada ya kuwatesa watu wapate kukiri kwamba bado wanaabudu ya zamani. Vitabu vya Wamaya vinavyojulikana kubaki leo duniani ni vinne. Aliitwa Hispania kujieleza, na akiwa huko akaandika maelezo marefu ya maisha ya Wamaya, yakiwemo maandishi yao kama alivyoyaelewa. Mwaka 1952 Mrusi Yuri Knorozov aliyatumia maelezo hayo hayo kuanza kulifungua fumbo la maandishi ya Kimaya. Landa alirudi Yucatán akiwa askofu, akafia huku 1579. Mimi sanamu yake sipigi picha, lakini wageni wangu siwazuii.

Piramidi iliyobaki kubwa inaitwa Kinich Kakmó. Iko mitaa michache kaskazini ya uwanja, imezungukwa na nyumba za watu, mlango wake uko mtaani kama mlango wa duka. Urefu wake ni mita 34 hivi, na kitako chake ni karibu mita 200 kwa 180. Kwa ujazo ni miongoni mwa majengo makubwa kabisa ya Wamaya, na hii inapandwa. Mama asipande. Vidato ni virefu, vingine vimelegea, na hakuna pa kushika. Sehemu ya kwanza hufikisha kwenye uwanda mpana, na hata hapo kwa magoti yake ni taabu. Panda wewe na mumeo kwa zamu, mmoja abaki na mama chini kwenye kivuli. Kileleni utaona jambo ambalo hulioni ukiwa barabarani: Yucatán haina mlima wala mto juu ya ardhi. Ni bapa ya kijani hadi macho yanapoishia, na monasteri peke yake imetokeza.

Badala ya kumtembeza mama kwa miguu, mkodishieni gari la farasi. Yanasimama uwanjani mbele ya monasteri, na farasi wenyewe huvikwa kofia zenye maua. Patana bei kabla ya kupanda, na sema wazi ni gari zima, si kila mtu. Mwambie mwendesha gari awapitishe kwa mafundi, maana mji huu una wachongaji, washonaji na watu wa dawa za mitishamba wanaofanyia kazi majumbani mwao. Chukua noti ndogo za kutosha, kwa sababu wengi hawapokei kadi.

Sasa chakula. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wageni Waislamu wanapokwama Yucatán. Chakula kikuu cha sifa hapa ni cochinita pibil, na hiyo ni nguruwe. Jumapili asubuhi mji mzima unanukia hiyo, kwa hiyo safari yenu iwe Jumanne au Jumatano. Jumatatu nayo nyumba nyingi hupika maharage na nguruwe. Lakini nguruwe anayeonekana si tatizo, unamkwepa. Wa kuogopwa ni yule asiyeonekana: mafuta yake, yanayoitwa manteca, huingia katika maharage ya kupondwa, katika tamales (unga wa mahindi uliofungwa kwenye majani na kupikwa), na mara nyingi katika kikaango kinachokaangia vitafunio vya mahindi. Jifunze sentensi moja tu, useme kabla hujaagiza: «¿Lleva manteca de puerco?», yaani, kina mafuta ya nguruwe? Usiulize kama kina nyama ya nguruwe; watakujibu hapana kwa moyo mweupe, kwa kuwa kwao mafuta si nyama. Na manteca usiichanganye na mantequilla, ambayo ni siagi.

Vya kuagiza vipo. Papadzules ni tortilla, zile chapati za mahindi, zilizojazwa mayai ya kuchemsha, zikamwagiwa mchuzi mzito wa mbegu za maboga na juu yake nyanya. Sopa de lima ni supu ya kuku yenye ndimu ya hapa, ila waulize vile vipande vya tortilla wamevikaangia nini. Pollo pibil ni kuku aliyepakwa zingefuri na maji ya danzi, akafungwa majani ya mgomba na kuokwa. Zingefuri na danzi, dada. Mama atakapofungua lile jani atajua yu nyumbani kwa nani. Pilipili ya mezani, habanero, ni jamaa ya pilipili mbuzi yetu na haina utani. Kama mama anashikilia sana suala la kuchinja, basi abaki kwenye mayai na samaki. Kibla mkiwa Yucatán ni kaskazini-mashariki; swalini Adhuhuri baada ya chakula, kisha ondokeni kabla ya saa tisa alasiri.

Kuhusu usafiri, kodini gari lenye dereva kwa siku nzima. Basi lipo, linatoka stendi ya Noreste kwenye mtaa wa 67, ni rahisi na halina shida kwa kijana, lakini halitawapitisha Aké. Treni ya Tren Maya nayo ina kituo Izamal tangu mwisho wa 2023, na mama angeifurahia. Tatizo ni kwamba kituo cha Mérida kiko Teya, nje ya jiji, na cha Izamal kiko nje ya mji, mkajikuta mmepanda vyombo vitatu kufanya safari ya chombo kimoja. Mkikodi gari la kujiendesha, bei ya mtandaoni mara nyingi haijaingiza bima ya lazima ya kumlipa mtu wa pili, na mtaambiwa hilo mkiwa kaunta na mizigo yenu. Uber mtaipata ya kwenda. Ya kurudi msiitegemee.

Nije kwenye umeme. Bili ya CFE, shirika la umeme la taifa, huja kila baada ya miezi miwili. Tafuta kwenye karatasi mahali palipoandikwa tarifa. Ukiona herufi DAC, nyumba yenu imehesabiwa kuwa ya matumizi makubwa, na ruzuku ya serikali imeondolewa kabisa. Hapo ndipo bili huruka, hata kama mwezi huo mmejibana. Hesabu yake ni wastani wa miezi 12 iliyopita, kwa hiyo inawezekana mmerithi matumizi ya mpangaji aliyewatangulia. Mwombe mwenye nyumba bili za mwaka mzima uangalie. Kutoka DAC kunawezekana, ila ni kwa kushusha wastani taratibu. Ndiyo maana nikakutajia bembea. Kiyoyozi chumba kimoja tu, tena kile chenye inverta, na vyumba vingine pangaboi na bembea. Godoro huhifadhi joto lote la mwili, bembea hupitisha hewa pande zote. Wenyeji wa hapa hawalali humo kwa ufukara wala kwa mila tu, wengi wenye hela zao hulala humo pia. Januari mtapumzika, hata baridi kidogo huingia na upepo wa kaskazini, mama aje na sweta. Aprili na Mei zinapita nyuzi 40. Jiandaeni sasa.

Kukodolewa macho ni kweli, wala sitakwambia ni mawazo yako. Mérida ni jiji tulivu, na Yucatán ni miongoni mwa majimbo yenye amani zaidi Meksiko, lakini watu weusi ni wachache, na mtu atakutazama hadi mwisho wa barabara. Utadhaniwa Mkuba au Mhaiti. Utaitwa morena, yaani mweusi-weusi, na muuza matunda atakuita negrita, kijeusi, akidhani anakubembeleza. Wengi wao hawana nia mbaya, na wewe huna wajibu wa kulipenda jina hilo. «Me llamo» fulani, yaani naitwa fulani, ukilisema kwa tabasamu mara mbili, sokoni hulishika.

Kilichonisaidia mimi ni kujua kwamba hatukuja leo. Nenda Alhamisi usiku kwenye uwanja wa Santa Lucía, kwenye serenata, burudani ya muziki inayofanyika kila wiki tangu 1965. Lile kanisa dogo lililo upande wa pili lilijengwa karne ya 16 kwa ajili ya watu weusi na wenye damu mchanganyiko wa jiji hili, ambao hawakuruhusiwa kuabudu pamoja na Wahispania. Rais aliyepiga marufuku utumwa Meksiko mwaka 1829, Vicente Guerrero, alikuwa na asili ya Afrika. Katika Veracruz kuna mji unaoitwa Yanga, kwa jina la Mwafrika aliyeongoza watumwa waliotoroka na kuwalazimisha Wahispania kukubali makazi yao huru. Nchi yenyewe imechelewa kukiri. Katiba iliwatambua Wameksiko wenye asili ya Afrika mwaka 2019, na sensa ya 2020 ikahesabu zaidi ya milioni 2.5. Kwa hiyo anayekuuliza «unatoka wapi hasa?» unaweza kumjibu, kisha ukamrudishia swali kuhusu bibi yake.

Upweke hautaondolewa na majirani zako Wamarekani, wazuri kama walivyo. Wanaishi kwa Kiingereza, wanakula mahali pao, na ushauri wao wa Chichén Itzá umeshauona. Tafuta darasa la Kihispania la asubuhi, siku tatu kwa wiki, uso kwa uso. Halafu chagua genge moja la matunda na duka moja la tortilla, uende hapo hapo kila siku hata kama pengine ni rahisi zaidi. Simu za nyumbani zipange pia. Tofauti yetu na Tanga ni saa tisa mwaka mzima, kwani tangu 2022 hapa hawarudishi saa nyuma wala mbele. Ukipiga saa tatu usiku, kwao ni saa kumi na mbili alfajiri, wameshaamka na chai iko jikoni.

Kadi yako ya ukaazi, nakukumbusha kwa kuwa barua yako haikuigusa: ya kwanza ni ya mwaka mmoja, na maombi ya kuihuisha hupelekwa ndani ya siku 30 za mwisho kabla haijaisha. Mkihama nyumba, una siku 90 za kuwaarifu watu wa uhamiaji. Watu husahau hili la anwani, wakakumbushwa kwa faini.

Afya ya mama isikutie hofu. Maduka mengi ya dawa yana daktari chumba cha pembeni, unamwona bila miadi kwa pesa kidogo. Aje na dawa zake za kawaida katika pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari.

Na kabla hujalipa dereva, tiketi wala chochote, mwambie kaka yako afungue pasipoti ya mama leo. Mtanzania mwenye viza halali ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya kama Ujerumani, anaruhusiwa kuingia Meksiko kutembea bila viza ya Meksiko. Tatizo liko kwenye kurudi Ujerumani. Kwenye viza yake pameandikwa idadi ya kuingia. Ikiwa ni 01, akishatoka Ulaya kuja kwako imekwisha, na hatapandishwa ndege ya kurudi Frankfurt. Inatakiwa iandikwe 02 au MULT, na tarehe yake ivuke siku ya safari ya kurudi. Kama ni 01, kwanza ulizeni ubalozi wa Meksiko kama bado itamfungulia mlango wa huku; ikimfungulia, njia iliyobaki ni kumkatia tiketi ya kurudi Dar moja kwa moja kutoka huku, isiyomhitaji kutoka nje ya eneo la wasafiri wa kupita, na uulize shirika la ndege kuhusu viza ya kupita ya kila uwanja atakaobadilishia. Tiketi ikipitia Marekani, hata viza ya kupita itahitajika.

Mfikishie shikamoo yangu.